Kidole cha Mama Povu

Mama Povu alikuwa ametengeneza sabuni miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mtu amfundishe. Kwa hiyo chuo kikuu kilipomtuma mhadhiri na mwanafunzi wake mmoja kuja kuwafunza wanawake ujasiriamali, na mhadhiri huyo akasimama ndani ya ghala la zamani la ushirika akatangaza kwamba biashara ya kikundi itakuwa sabuni, damu ilimpanda kichwani. Wanawake ishirini na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki: wasusi wa vikapu, wafuga kuku, fundi cherehani, muuza mkaa. Ishirini na mmoja walipiga makofi.

"Soko lipo tayari," alisema mhadhiri, ambaye alitaka aitwe Dokta. Alikuwa na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi kiasi kwamba hakuthubutu kuegemea ukuta. "Watu wa hapa wameshazoea sabuni ya kutengenezwa kwa mkono. Hatuanzi na sifuri."

"Hamuanzi na sifuri kwa sababu mnaanza na mimi," akasema Mama Povu bila kunyoosha kidole.

Watu wakacheka, wala si kwa mapenzi. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa kikundi, dada wa marehemu mume wake. Wifi hawa wawili hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Marehemu hajamaliza hata siku arobaini kaburini, dada mtu alikuja kudai masufuria ya kupikia sabuni kuwa ni mali ya kaka yake. Mama Povu alimjibu kwamba huyo kaka yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kukoroga sufuria hata siku moja, na kama anataka urithi achukue suruali zake. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kuonyeshana meno tu.

Sasa, kabla hatujafika mbali, kielezwe kidole.

Mama Povu alipika sabuni nyuma ya nyumba, kwenye sufuria pana kama beseni la kuogea. Mafuta, maji, na kostiki, ile dawa nyeupe ya punje ambayo ikidondokea mkononi inachuna ngozi. Alipika mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Kisha alichota kidogo kwa kijiti, akakiacha kipoe, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikichoma, kostiki haijamalizwa na mafuta, na sufuria inarudi motoni. Kikikaa kimya ulimini, sabuni imeiva. Hapo ndipo alipomimina kwenye trei, akakata vipande, na kabla havijakauka akabonyeza dole gumba kwenye kila kimoja. Kidole hakikuwa pambo. Kilikuwa na maana moja tu: hii nimeilamba mwenyewe. Ile iliyogoma kuiva aliiuza bila kidole, kwa watu wa kusugua sakafu. Akina mama wenye vichanga walitafuta kidole kwanza, bei baadaye, na hapakuwa na mtoto katika nyumba zile aliyeogeshwa siku zake za mwanzo kwa sabuni nyingine. Hilo ndilo lililokuwa jina la Mama Povu, na hakuwa na jingine.

Basi mafunzo yakaanza, na ugomvi nao ukaanza siku hiyo hiyo.

Dokta alibandika ukutani karatasi kubwa yenye vipimo: mafuta ya nazi kiasi hiki, maji kiasi hiki, kostiki kiasi hiki. Hakuna kupika, alisema. Unachanganya, unamimina, unaacha mwezi mzima, sabuni inaiva yenyewe. Ni njia ya kisasa na inaokoa kuni. Mama Povu alikuwa amewahi kusikia njia hiyo na hakuwa na neno nayo. Alichokuwa na neno nacho kiliingia siku ya pili mchana, mgongoni mwa gari: madumu ya mafuta ya alizeti.

Akainuka kitini. "Dokta, haya si ya nazi."

"Ya nazi yamekosekana kwa msambazaji. Mafuta ni mafuta, mama."

"Si kweli. Nazi inakula kostiki nyingi. Alizeti inashiba upesi. Ukiilisha kipimo cha nazi, inayobaki itakaa humo humo kwenye sabuni, na itamla atakayeogea."

Dokta akatabasamu, tabasamu la mtu anayehesabu mpaka kumi. "Umejuaje?"

"Kwa ulimi."

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Dokta naye alicheka, kisha akaacha ghafla na sauti yake ikawa kavu. "Sikilizeni wote. Hapa ni mafunzo ya chuo kikuu. Mtu akionekana analamba kemikali, namtoa nje na jina lake nalikata. Huo ni ushamba na ni hatari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Dokta!" wakaitikia, na wifi mtu akaongeza kwa sauti ya asali, "Msamehe, Dokta. Ana roho ya kwa nini. Anaona tunamwingilia riziki."

Mwanafunzi wa Dokta, msichana mwembamba mwenye daftari, alikuwa amesimama karibu na madumu. Alifungua daftari, akasoma kitu, akamtazama mwalimu wake, akalifunga. Mama Povu alimwona. Alimchukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Dokta, maana Dokta alikuwa hajui, lakini huyu alionekana ana shaka na amekaa nayo.

Angeweza kuondoka. Alifikiria hivyo usiku na mchana. Lakini kikundi kilikuwa kimeahidiwa mashine ya kukorogea, na aliyejitoa asingeigusa; naye mabega yalikuwa yameanza kumsaliti. Akakaa. Akakoroga alichoambiwa akoroge, akameza maneno, akanuna hadi watu wakamzoea na mnuno wake.

Siku ya nne zikaletwa kalibu za kumiminia sabuni, za plastiki nyeupe, zimetengenezwa mjini. Wanawake walizigombania kama watoto. Mama Povu alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaisogeza karibu na macho. Chini ya kila kalibu palikuwa na umbo la dole gumba, lenye mistari yake yote, na hata kovu la kisu lililokuwa limekata dole lake upande mmoja tangu usichana.

"Nani ametoa hiki?"

Wifi yake akapandisha bega. "Mimi. Dokta aliuliza wateja wanaitambuaje sabuni ya huku, nikamwambia kwa kidole. Nikampa kipande changu. Nilikinunua kwako kwa hela yangu, wifi, sikukiiba."

"Ni nembo nzuri sana," alisema Dokta. "Ni ya asili, inakumbukwa, haihitaji maneno. Wewe mama ungejivunia. Sasa ni nembo ya kikundi kizima."

"Hicho ni kidole changu."

"Na wewe ni mwanakikundi. Umesaini."

"Nilisaini kwamba nimehudhuria! Dokta, kidole hicho si picha. Kidole hicho ni mimi nimesema sabuni hii haiumi. Umeniwekea maneno mdomoni, tena kwenye sabuni mbichi ambayo hata mtoto wa—"

"Mama, keti."

"Siketi!"

"Basi simama, lakini nyamaza," akasema Dokta, na wale wanawake, ambao nusu yao watoto wao walikua kwa sabuni ya Mama Povu, walimwambia aketi, anawachelewesha chakula.

Vipande mia mbili vikamiminwa. Vyote vikatoka na kidole.

Mwezi ukapita. Sabuni zilikuwa zimepangwa ghalani kwenye mbao, na ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti, ambaye alimruhusu kila mtu kuingia isipokuwa mtu mmoja. Wiki ya mwisho wifi yake alipita mbele ya nyumba yake akiwa na kipande mkononi, akasimama makusudi pale Mama Povu alipokuwa anakata sabuni zake.

"Nimenawia jana na leo," alisema, akigeuza viganja. "Ona. Laini. Mbona hazijanila?"

Mama Povu alikinyakua kile kipande kabla mwenzake hajarudisha mkono, akakikata katikati kwa kisu chake, akagusa ulimi kwenye nyama ya ndani. Ulimi ulishtuka hadi macho yakamtoka machozi. Akatema.

"Juu imepigwa hewa mwezi mzima, imepoa. Ndani bado ni moto. Mtu akioga mara tatu, nne, ganda likiisha, atakutana nao. Wifi, nakuomba. Sikupendi, na unajua sikupendi, lakini hapa nakuomba. Msiziuze."

"Umezoea kuwa peke yako," wifi akajibu. "Hicho ndicho kinachokuuma ulimi." Akaokota nusu zake mbili, akaenda zake.

Siku ya kukabidhi vyeti, ghala lilifagiliwa na kupambwa kwa vitambaa. Mashine ya kukorogea ilikuwa mbele, imefunikwa shuka, na kando yake meza ndefu yenye sabuni mia mbili kasoro chache. Mgeni rasmi alikuwa ameketi katikati, mkuu fulani wa chuo mwenye miwani, na Dokta pembeni yake alikuwa na shati jingine lenye pasi kali zaidi. Mama Povu alikuja na mkoba wa kitambaa begani, ndani yake kisu, chupa ya maji na kikombe. Alikaa nyuma. Alikuwa amejiambia kwamba atapokea cheti chake, atakaa kimya, na kesho sokoni atamweleza kila mteja mmoja mmoja.

Kisha wifi yake akasimama na kumwita mbele binti yake.

Binti huyo alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wa kwanza. Mama Povu alikuwa amemlea binti yule nusu ya utoto wake, kabla ya masufuria kuwagombanisha watu wazima, na bado akija kwa siri alimwita mke wa mjomba na kumlalia begani. Sasa alikuja mbele na kichanga kifuani, akiona haya, na mama yake akachukua kipande cha sabuni mezani, akakiinua juu watu wote wakione, kisha akakitia mkononi mwa binti.

"Mjukuu wangu ndiye mteja wetu wa kwanza," akasema. "Leo jioni ataogeshwa na sabuni ya kikundi. Kidole ni kile kile mnachokijua!"

Makofi. Mgeni rasmi akacheka kwa furaha. Mwanafunzi mwembamba akapiga picha.

Mama Povu alijikuta ameshafika mbele. Hakukumbuka kuinuka.

"Kirudishe," alimwambia binti. "Kilambe ndani ndipo ukirudishe."

"Jamani, mama huyu tena," akasema Dokta. "Mheshimiwa, samahani. Kuna changamoto kidogo ya—"

"Kilambe, mwanangu."

Binti alimtazama mama yake. Mama yake alimkazia macho ambayo Mama Povu aliyajua vizuri, macho ya ndugu wa mume. Binti akainamisha kichwa, akakumbatia mtoto na sabuni pamoja.

Basi Mama Povu akachukua kipande kingine mezani, akakikata katikati. Akamwagia maji mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko hadi kiganja, akausugua kwa ile nyama ya ndani mpaka povu likawa zito, jeupe, linadondoka sakafuni. Hakuusuuza. Akasimama pale kando ya mashine, mkono ameunyoosha mbele.

"Endeleeni na hotuba," akasema. "Mimi nasubiri."

Kwanza walimcheka. Muuza mkaa aliuliza kama mwenzao amerukwa na akili au ni njaa tu, na watu wakacheka zaidi. Dokta alimwambia mgeni rasmi kwamba sehemu yoyote ya jamii ina watu wanaopinga maendeleo. Mgeni rasmi, aliyeandaa karatasi nne, akaanza kusoma. Alisoma juu ya ushirikiano wa chuo na jamii, juu ya maarifa kuwafuata watu walipo. Mama Povu hakusikia neno. Mwanzoni palikuwa na utelezi tu. Kisha mwasho. Katikati ya karatasi ya pili mwasho ukawa moto, na jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Alisaga meno. Kila alipotaka kumwaga maji alimtazama yule mtoto, aliyelala na mdomo wazi, shingo yake nyembamba ina mikunjo, na akaona povu hilo likiingia kwenye mikunjo ile na bibi mtu akisugua.

Kicheko kilikuwa kimeisha. Karatasi ya tatu ilisomewa watu waliokuwa wanautazama mkono.

Alipoona inatosha, alichukua kikombe, akamwaga maji mengi, akamwaga tena, akamwaga tena mpaka chupa ikaisha. Kisha akauinua mkono. Ulikuwa mwekundu wa nyama kutoka kiwiko, na sehemu mbili ngozi ilikuwa imevimba na kuteleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Mtu akapiga kelele.

"Ni mzio," Dokta akasema haraka. "Watu wengine ngozi zao zina mzio. Haimaanishi—"

"Dokta." Alikuwa ni yule msichana. Sauti yake ilikuwa ndogo na daftari lilikuwa wazi mikononi. "Hesabu ile ni ya nazi. Hatukuibadilisha."

"Tutazungumza garini."

"Kwa alizeti ilitakiwa ipungue karibu robo. Niliona siku ile."

"Nimesema garini!"

Alichokisikia mgeni rasmi kilimtosha. Alikunja karatasi yake ya nne, akamnong'oneza dereva, na dereva akaanza kuisukuma mashine kurudi nje, shuka na yote, hadi hapo "uchunguzi" utakapokamilika. Wanawake wakalipuka. Si kwa Dokta, ambaye alikuwa ameshageuka mgongo. Kwa Mama Povu. Umefurahi sasa? Umeridhika? Mwezi mzima tumekoroga! Fundi cherehani, ambaye Mama Povu alikuwa amemkopesha sabuni za mapacha wake miezi sita bila kudai, alimtemea mate karibu na miguu. Wifi yake alibaki ameegemea ukingo wa meza, anavitazama viganja vyake mwenyewe, anavigeuza.

Mkono ulikuwa unamuuma Mama Povu mpaka sikioni, lakini kifuani alikuwa na kitu kama ushindi, kikali na kitamu. Alijua amesikika. Kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, hakuna hata mmoja katika ghala lile ambaye angethubutu kusema hajui sabuni. Alimfuata binti mlangoni.

Binti alikuwa ameuma pembe ya kile kipande hatimaye. Mama Povu alijua kwa jinsi alivyokuwa anajipangusa ulimi kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya ulimi na ya mengine.

"Umeona?" akamwambia kwa upole ambao hakuwa ameutumia mwezi mzima. "Nisingekudanganya. Njoo nyumbani jioni. Nina trei niliyoipika jana, nimeilamba mwenyewe asubuhi. Iko kimya kabisa. Nitakupa ya mwezi mzima, bure."

Binti alifungua kiganja. Kipande kilikuwa pale, kimelowa jasho, na juu yake dole gumba lenye kovu, wazi kabisa.

"Hiki hapa ni chako," akasema.

"Hicho si changu. Wamekiiba."

"Najua, mke wa mjomba. Mimi najua, nilikuwepo." Alimpandisha mtoto begani. "Ila vingine wameshavigawa mtaani. Mama alimpa jirani jana, na dada wa mume wangu anavyo vitatu. Nikiwa peke yangu nyumbani, mtoto analia, maji yanapoa, nikachukua sabuni, nitajuaje ni ipi?"

Mama Povu alikichukua kile kipande. Akaweka dole gumba lake kwenye ile alama, likaingia sawasawa.

"Nitanunua ya dukani," binti akasema. "Nisamehe."

"Nunua," akasema Mama Povu. "Nunua ile nyeupe isiyo na harufu. Zile za rangi zitamkausha ngozi."

Binti akaenda. Nyuma yake akapita muuza mkaa, akapita fundi cherehani, na kila mmoja alipomfikia alisogea upande wa pili wa mlango.